Zuio la Mahali: Mwanamke wa Kaptembwo Mbele ya Mahakama

Aghalabu adhabu ya mahakama hudhaniwa kuwa ya aina mbili tu: faini au kifungo. Alipaye faini hurudi kwake, na afungwaye huhesabu siku zake hadi zikaisha. Ipo, hata hivyo, amri ya tatu isiyozungumzwa sana katika vitabu vya sheria wala katika kazi za fasihi. Ni ile amri inayomwachilia mtu, kisha ikamchorea mpaka: asionekane barabara fulani, asipite mtaa fulani, asikaribie kituo fulani kuanzia magharibi hadi alfajiri. Kiswahili hakijaipa amri hiyo jina lililozoeleka, na katika makala haya itaitwa zuio la mahali. Huweza kutolewa kabla ya kesi kusikilizwa, likiwa sharti la dhamana, au baada ya hukumu, likiwa sharti la kuachiliwa chini ya uangalizi. Kwa watu wengi zuio la namna hiyo ni usumbufu mdogo tu. Kwa mwanamke anayeuza ngono barabarani, ambaye kosa lake lote machoni pa sheria ni kuonekana mahali, ni adhabu nzito kuliko ile faini yenyewe.

Mtaa wa Kaptembwo uko upande wa magharibi wa Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ni mtaa wa ploti: vyumba vilivyopangwa mstari, mlango ukitazamana na mlango, choo kimoja na bomba moja vikitumiwa na jamaa nyingi, na kodi ikidaiwa mwisho wa mwezi pasipo huruma. Wakazi wake ni Wakikuyu, Waluo, Wakisii, Waluhya, Wakalenjin na wengineo, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho sokoni na kwenye matatu, ijapokuwa Januari 2008 lugha moja haikutosha kuzuia majirani kufukuzana kwa mapanga na moto. Wengi huishi kwa vibarua. Kilimo cha pareto, ambacho zamani kiliuletea mji huu fedha na ajira za viwandani, kiliporomoka. Kilichobaki ni barabara. Nakuru imelala kando ya njia kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi hadi Eldoret na Uganda, malori hupita usiku na mchana, na magharibi zaidi, Salgaa, madereva wamekuwa wakiegesha na kulala kwa miaka mingi. Biashara ya ngono katika Bonde la Ufa la kati imo ndani ya uchumi wa barabara hiyo, sawa na mahindi ya kuchoma na magunia ya viazi yanayouzwa kando yake.

Sheria ya Kenya inasemaje? Wengi hudhani kwamba kuuza ngono ni kosa la jinai. La hasha. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka wa 1930, haikutamka kwamba mtu mzima anayemuuzia mtu mzima mwenzake ngono ametenda kosa. Ilichoharamisha ni mambo yanayozunguka tendo hilo. Vifungu vya 153 na 154 vinawahusu wanaoishi kwa mapato ya ukahaba. Kifungu cha 182, kinachozungumzia watu wavivu na wakorofi, kinamtaja kahaba afanyaye fujo au utovu wa adabu hadharani, na mtu ashawishiye wengine hadharani kwa nia isiyo ya maadili. Adhabu ya kosa la kwanza ni kifungo cha mwezi mmoja au faini isiyozidi shilingi 100, au vyote viwili. Kwa anayerudia, kifungo cha mwaka mmoja. Juu ya hayo zikaja sheria ndogondogo za mabaraza ya miji, kama zile za Nairobi za mwaka wa 2007, zilizofanya kuzurura barabarani kwa nia ya ukahaba kuwa kosa. Neno hadharani ndilo roho ya sheria hizi zote. Mwanamke ambaye mteja wake humfuata hotelini kwa simu hatajwi. Anayetajwa ni yule asiye na pa kusimama isipokuwa barabarani.

Ajabu ni kwamba Kiswahili cha mitaani kilikwisha kulitambua jambo hili kabla ya wanasheria. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake kuhusu ukahaba wa Nairobi ya kikoloni kilichotoka mwaka wa 1990, aliwahoji wanawake wazee wa Pumwani na kupata kwao majina matatu. Watembezi walikuwa wale waliowatafuta wanaume njiani. Malaya walikuwa wale waliokaa ndani ya vyumba vyao na kungojewa, wakimpikia mgeni chai na kumtekea maji ya kuoga. Wazi-wazi, waliohusishwa zaidi na wanawake waliotoka Bukoba katika miaka ya 1930, walikaa mlangoni na kutaja bei yao bila kificho. Mtaalamu wa lugha atagundua mara moja kwamba majina yote matatu, kwa jinsi yalivyotumika Pumwani, yanatenganishwa na mahali: njiani, ndani, mlangoni. Tendo lilikuwa moja. Serikali ya kikoloni iliwaandama zaidi watembezi, kwa kuwa sheria zake za uzururaji zilikusudiwa kuuondoa mjini mwili wa Mwafrika asiye na kazi inayotambuliwa, na dawa yake ilikuwa kumrudisha mtu huko alikodhaniwa kuwa ndiko kwao. Tanzania huru nayo iliijaribu dawa hiyo katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka wa 1983, ambapo walioitwa wazururaji wa Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi wao hawakukawia kurudi.

Kenya iliifuta Sheria ya Uzururaji mwaka wa 1997, katika mageuzi yaliyotangulia uchaguzi wa mwaka huo. Kifungu cha 182 kilipunguzwa makali, hakikuondolewa. Na hivyo mlango ukabaki nusu wazi.

Mathalani, mwanamke wa Kaptembwo amekamatwa Ijumaa usiku katikati ya mji. Anafikishwa kortini Jumatatu. Anaachiliwa kwa sharti kwamba asionekane katikati ya mji usiku hadi kesi yake itakapokwisha. Kwenye karatasi sharti hilo linaonekana la busara: hajafungwa, hajatozwa pesa, ameambiwa tu aiepuke sehemu iliyomponza. Lakini matatu ya kutoka Kaptembwo hushukisha abiria mjini. Soko liko mjini. Hospitali kubwa iko mjini. Korti yenyewe anakotakiwa kuripoti iko mjini. Akichelewa kwenye foleni ya dawa hadi magharibi, tayari amevunja amri. Askari anayemjua kwa sura hahitaji kumwona akisimama na mteja, kwani inamtosha kumwona akivuka barabara. Kwa hakika amri imembadilishia kosa. Awali serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba alishawishi watu kwa nia isiyo ya maadili, jambo lisilo rahisi kulithibitisha. Sasa inathibitisha tu kwamba alikuwepo.

Aidha, amri kama hiyo ni mali mkononi mwa askari asiye mwaminifu. Ni nani asiyejua jinsi mambo yanavyokwenda kati ya mnyonge na kanjo? Utafiti wa FIDA Kenya uliochapishwa mwaka wa 2008, uliohusisha miji kama Nairobi, Mombasa, Kisumu, Busia, Malindi na Nanyuki, ulieleza jinsi wanawake hawa walivyotozwa hongo, wakapigwa, na hata kulazimishwa kufanya ngono na waliopaswa kuilinda sheria. Mtu asiye na amri yoyote juu yake anaweza angaa kubishana na askari. Mwenye amri hana la kubishia, na bei ya kuachwa apite hupanda.

Itasemwa kwamba mwanamke huyo anaweza kuacha. Kauli hii hutolewa kwa wepesi na watu ambao hawajaulizwa kodi ya chumba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukweli ni kwamba zuio halimwachishi mtu biashara, linamhamisha tu. Aliyezuiwa katikati ya mji, penye taa, walinzi wa maduka na wenzake watatu wanaojua ameingia gari gani, ataelekea barabara kuu penye giza, au atapanda gari hadi kituo cha malori ambako hana amjuaye. Wenzake ndio waliokuwa ulinzi wake: mmoja hukariri nambari ya gari, mwingine humnong'oneza kwamba mteja yule ana mkono mwepesi. Ulinzi huo haubebeki. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ililitambua jambo hili tarehe 20 Desemba 2013, katika kesi ya Bedford, ilipobatilisha vifungu vitatu vya sheria ya ukahaba, kikiwemo kilichokataza mazungumzo hadharani kwa nia ya ukahaba. Sababu yake ilikuwa kwamba vifungu hivyo viliwanyima wanawake njia za kujikinga na ukatili. Vancouver ilikuwa imekwisha kulipa gharama ya kuwasukuma wanawake gizani, kwani wengi walitoweka katika mitaa yake ya mashariki kwa miaka kadhaa kabla ya muuaji kukamatwa mwaka wa 2002.

Kanada ndiko mazuio ya mahali yalikotolewa kwa wingi kiasi cha kupewa jina la maeneo mekundu, na watafiti wa huko wameonyesha jinsi masharti yanavyozaa makosa mapya: mtu huingia kortini kwa jambo dogo, hutoka na masharti, huyavunja kwa kuwa maisha yake yako ndani ya eneo lililokatazwa, hurudi kortini na rekodi ndefu zaidi. Mwaka wa 2020, katika kesi ya Zora, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisisitiza kwamba kila sharti la dhamana liwe la lazima, lifae, na lihusiane na hatari mahususi inayotokana na mshtakiwa mwenyewe. Huko Marekani, mji wa Portland uliweka maeneo yasiyoruhusiwa ukahaba mwaka wa 1995 na kuyaacha mwaka wa 2007. Seattle, iliyowahi kutumia amri za aina hiyo, ilizirejesha mwaka wa 2024 kwa ajili ya barabara ya Aurora. Mji mmoja unaacha, mwingine unaanza. Dalili kwamba wenye mamlaka hupenda amri hizi kwa sababu ni nyepesi kutoa, na matokeo yake huonekana mtaa wa pili, kwa diwani mwingine.

Kenya haina kifungu maalumu cha zuio la mahali kwa wauza ngono. Hilo lisimpumbaze mtu. Hakimu ana uwezo mpana wa kuweka masharti ya dhamana, na Sheria ya Uangalizi wa Wahalifu inamruhusu kuweka masharti ya makazi. Uwezo mpana usiosindikizwa na sababu zilizoandikwa ndio hatari. Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako, na kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Ibara ya 49 inataka masharti ya dhamana yawe ya kiasi, na inaongeza kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kwanza chini ya kifungu cha 182 lina adhabu ya mwezi mmoja. Kwa hiyo anayemwekea mwanamke huyo sharti kali kabla ya kesi anamtishia kwa rumande ambayo Katiba imeikataza.

Nchi imekwisha kuona jinsi zuio la mahali linavyopaswa kujadiliwa. Mwaka wa 2019, magavana walioshtakiwa kwa ufisadi, miongoni mwao Moses Lenolkulal wa Samburu na Ferdinand Waititu wa Kiambu, walizuiwa kuingia katika ofisi zao kesi zikiendelea. Hilo nalo lilikuwa zuio la mahali. Mawakili walibishana, majaji wakaandika sababu zao kwa kirefu, suala likafika Mahakama ya Rufaa, magazeti yakachapisha, na kila Mkenya akajua ni kwa nini gavana hawezi kufungua mlango wa ofisi yake. Zuio lilidumu, na huenda lilistahili kudumu. Je, ni kurasa ngapi zitakazoandikwa kwa ajili ya mwanamke wa Kaptembwo? Yeye hana wakili, na kesi yake huchukua dakika chache kati ya mlevi mmoja na mchuuzi asiye na leseni.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoguswa moja kwa moja. Katika korti nyingi za mahakimu, shtaka huandikwa kwa Kiingereza, karani akalitafsiri kwa mdomo, na mshtakiwa akaulizwa kama anakubali au anakataa. Jibu la kawaida ni maneno mawili: ni kweli. Lakini ni kweli nini? Ni kweli kwamba alikuwa barabarani, au ni kweli kwamba alishawishi watu kwa nia isiyo ya maadili? Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka wa 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu: shtaka lielezwe katika lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, kisha maelezo ya tukio yasomwe ili apate nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Utaratibu huo ulihusu kukiri kosa. Masharti ya kuachiliwa hayakupata kesi yake ya Adan, na maneno kama mazingira ya katikati ya mji hupita kwenye ulimi wa karani pasipo yeyote kuuliza mazingira hayo yanaanzia barabara ipi na kukomea wapi. Kwa mshtakiwa, mpaka usiotajwa ni mpaka uliopo kila mahali.

Fasihi nayo haijasaidia sana. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka wa 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa kuyagusa mambo ambayo wengi walitaka yasitiriwe. Tangu hapo mwanamke anayeitwa kahaba amepita katika hadithi nyingi, akaondoka kwa kifo au kwa toba. Ni nadra kumwona akiwa kizimbani asubuhi ya Jumatatu, akijaribu kuelewa anakatazwa kupita wapi.

Kuna hoja ya afya, na uzito wake haukanushiki. Uchanganuzi wa njia za maambukizi ya VVU uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2008 ulikadiria kwamba wauza ngono na wateja wao walihusika na takriban asilimia 14 ya maambukizi mapya. Mwaka wa 2014, watafiti walioandika katika jarida la Lancet, wakitumia takwimu za Vancouver, za Bellary nchini India na za Mombasa, walikadiria kwamba kuondoa sheria zinazowahalifisha wauza ngono kungeweza kuepusha kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi katika muda wa miaka 10. Njia yenyewe inaeleweka bila takwimu. Dawa za kukinga maambukizi baada ya kubakwa hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Mwanamke aliyebakwa ndani ya eneo alilokatazwa ataanzaje kueleza alikuwa wapi?

Msomaji anayedhani kwamba mpaka uliochorwa kwa amri ni jambo la kubuni akumbuke Machi 2021. Tarehe 26 mwezi huo Nakuru, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, ilifungwa kwa sababu ya Korona, na kafyu ikaanza saa mbili usiku. Amri hiyo ilidumu hadi tarehe 1 Mei. Katika wiki hizo tano watu wa kila tabaka walionja maana ya kutazama saa kwa hofu na kuhesabu vizuizi vya polisi, na malalamiko yakajaa kila pembe. Wakati ule mpaka ulikuwa wa wote na kila mtu aliujua. Zuio la mahakama ni kafyu ya mtu mmoja, ambayo majirani zake hawaijui wala hawaipigii kelele.

Yapo malalamiko ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Mwenye duka la dawa hapendi kukuta kondomu zilizotumika mlangoni pake kila asubuhi. Mzazi hapendi mtoto wake apite penye matusi akitoka darasa la jioni. Wakazi wa Nakuru wana haki ya utulivu kama wakazi wa mji wowote. Hata hivyo, kelele, fujo, matusi na utovu wa adabu ni matendo, na sheria inaweza kuyaadhibu bila kujali mtendaji ni nani. Hakuna anayependekeza kwamba mlevi atokaye baa akapiga mayowe usiku wa manane apigwe marufuku kuingia mjini. Anatozwa faini, anarudi, na pengine Jumamosi ifuatayo anapiga mayowe tena. Jirani yake mwanamke, ambaye huenda hakupiga kelele yoyote, ndiye anayechorewa mpaka.

Bara la Afrika limeanza kulifikiri upya jambo hili. Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha kosa la uzururaji mwaka wa 2017 katika kesi ya Mayeso Gwanda, mchuuzi wa barabarani. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni yake ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika kwa kuwaadhibu watu kwa hali yao badala ya matendo yao, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama ya Kikatiba ya Uganda ikafuata Desemba 2022. Kenya, iliyotangulia kwa kufuta sheria yake mwaka wa 1997, sasa inapitwa na jirani zake.

Kufuta kifungu cha 182 ni kazi ya Bunge, na Bunge halina haraka na wapiga kura wasiothubutu kuandamana kwa majina yao. Yapo yanayowezekana kabla ya hapo. Hakimu anayetaka kumzuia mtu kufika mahali aandike ni hatari gani anayoizuia, na ni kwa nini sharti jepesi zaidi halitoshi. Sharti litaje barabara kwa majina, litaje saa, litaje tarehe ya kukoma, na liache njia ya kwenda hospitalini, sokoni na kortini. Liandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo Ibara ya 7 ya Katiba imeitambua kuwa ya taifa na rasmi, katika karatasi ambayo mwanamke ataibeba na kumwonyesha askari atakayemsimamisha. Vyuo vikuu vina idara za Kiswahili, vina walimu wa tafsiri na ukalimani, na kila mwaka vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Fomu za masharti ya dhamana za korti za mahakimu hazijai hata kurasa kumi. Kuzitafsiri, kisha kukaa kortini asubuhi chache za Jumatatu na kurekodi jinsi makarani wanavyozifasiri kwa mdomo, ni kazi ya muhula mmoja.